Anayeketi Kando ya Kitanda

Kijana aliungua kwa mafuta ya kukaangia chipsi. Yalimmwagikia kuanzia bega la kulia hadi kiunoni, na alipoletwa wodini kwetu alikuwa na miaka 19, mwembamba, mwenye adabu, wa kusema "asante sista" hata baada ya kudungwa sindano. Nitamwita Kijana tu. Hospitali nayo nitaiacha bila jina. Ilikuwa ndogo, upande wa magharibi mwa nchi, na haya ninayoyasimulia yangeweza kutokea katika hospitali yoyote ya aina hiyo wakati ule.

Kidonda cha moto hubadilishwa bendeji kila baada ya siku mbili tatu, na uchungu wake hausemeki. Kwa hiyo tulikuwa tunampa ketamini. Mtu akipewa ketamini halali kama mtu aliyelala. Macho hubaki wazi, yanachezacheza, anapumua mwenyewe, moyo unapiga vizuri, ila yeye hayupo. Ndiyo maana dawa hii inapendwa katika hospitali ambazo hazina daktari wa nusukaputi wala mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Tabibu mmoja na nesi mmoja wanaweza kuifanya kazi hiyo na mgonjwa akabaki salama.

Salama kimwili, namaanisha. Kijana alikuwa anarudi kwa vita. Mara ya kwanza alipiga kelele kwamba anazikwa. Mara ya pili alitaka kuruka kitandani, tukamshika watu wanne. Mara ya tatu, kabla hata hajaanza kuamka, nilichukua bendeji nikamfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda, kisha nikaenda kumalizia kazi zangu. Tulikuwa manesi wawili kwa wagonjwa arobaini na kitu. Nilijiambia namlinda asichane ngozi mpya. Alilia kwa muda wa dakika ishirini hivi, halafu akanyamaza. Jioni akaniuliza kwa adabu ileile: "Sista, ni nani alinifunga?" Nikamwambia ndiyo sheria ya wodi.

Mara ya nne, mama aliyekuwa anapiga deki wodini aliegemeza mopu yake ukutani, akapindua ndoo, akaikalia kando ya kitanda. Akamshika Kijana mguu, mguu tu, ule usioungua. Nilidhani atasali. Hakusali. Alikuwa ananyamaza muda mrefu, halafu anasema kitu kifupi: "Uko hapa, mwanangu. Hiyo ni dawa. Ukiona giza, tulia, litapita. Mimi siendi." Kijana alirudi akitokwa na machozi, lakini hakupigana na mtu.

Nikamuuliza yule mama amejifunzia wapi. Akashangaa swali lenyewe. "Mimi hiyo dawa nilipewa nikipasuliwa kutolewa mtoto. Najua kule. Mtu akiwa kule anataka tu kujua kama kuna mtu amebaki huku."

Akachukua mopu, akaendelea na korido.

Zaidi ya miaka kumi na tano imepita. Maneno yale yamenirudia kwa sababu ya rafiki yangu, mwanasaikolojia wa Nairobi, ambaye amejiandikisha katika mafunzo ya ng'ambo, kwa njia ya intaneti, ya kuwatibu wagonjwa wa akili kwa kutumia dawa za saikedeliki: psilosaibini inayotoka kwenye uyoga, MDMA, LSD, na ketamini vilevile. Karo aliyolipa ingenunua ng'ombe wa maziwa na zizi lake. Tatu za kwanza hapa kwetu haziguswi, Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994 haina mzaha nazo. Ketamini ndiyo iliyo halali hospitalini, na ndiyo sababu alinijia mimi. "Dadangu," akaniambia, "wewe umewapa watu ketamini mara mia na mia. Niambie. Mtu anaweza kumsindikiza mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika?" Kumbe hilo ndilo swali wanalobishania hata walimu wake.

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kusoma, na nikagundua kwamba historia nzima ya kazi hii, tangu siku ya kwanza kabisa, ni historia ya swali hilo.

Siku ya kwanza yenyewe ni tarehe 19 Aprili 1943, Basel, Uswisi. Kila anayeisimulia humtaja Albert Hofmann, mwanakemia wa kampuni ya Sandoz. LSD aliitengeneza mwaka 1938, akaiweka kando, akairudia miaka mitano baadaye, na siku hiyo akanywa mikrogramu 250 akidhani ni kidogo sana. Ilikuwa wakati wa vita na magari hayakupatikana kirahisi, basi akarudi nyumbani kwa baiskeli. Safari hiyo ya baiskeli imekuwa hadithi maarufu, kuna watu huisherehekea kila mwaka. Wachache humtaja aliyekuwa kwenye baiskeli ya pili. Alikuwa Susi Ramstein, msaidizi wake wa maabara, msichana wa miaka ishirini na kidogo, ambaye Hofmann alimwomba amfikishe kwake. Njia nzima bosi wake alidhani baiskeli haisogei. Walipofika, jirani alileta maziwa na Hofmann akamwona kama mchawi. Daktari aliitwa, akampima, hakuona kasoro ila mboni zilizopanuka.

Hebu mfikirie Susi. Hakufundishwa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kile kilichompata Hofmann, hata Hofmann mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutomwacha. Mwezi Juni mwaka huohuo yeye pia aliijaribu dawa hiyo, akawa mwanamke wa kwanza kuitumia. Kwa hiyo msindikizaji wa kwanza kabisa alisindikiza kwanza, akaonja baadaye. Wengi waliofuata walisisitiza mpangilio huo ugeuzwe.

Sandoz walipoanza kuisambaza LSD kwa madaktari mwaka 1947, kwa jina la Delysid, karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti ilitaja matumizi mawili. La kwanza ni kumsaidia mgonjwa kufungua yaliyofichika. La pili lilinishangaza mimi niliyezoea karatasi za dawa za leo. Daktari wa akili alihimizwa ainywe yeye mwenyewe, ili aonje kidogo dunia ya wagonjwa wake. Fikiria karatasi ya insulini ikimwambia daktari hivyo.

Waliolichukua shauri hilo kwa uzito kuliko wote walikuwa katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, nchi ya ngano na baridi. Mwingereza Humphry Osmond alifika mwaka 1951 katika hospitali ya akili ya Weyburn, jengo kubwa lililojaa wagonjwa kupita kiasi. Huko alishirikiana na Abram Hoffer. Osmond ndiye aliyelibuni neno saikedeliki, kwa Kigiriki likiwa na maana ya kuidhihirisha nafsi. Yeye na Hoffer walijaribu dawa hizi juu yao wenyewe, nyumbani, pamoja na wake zao. Wafanyakazi wengine wakafuata. Hata mchoraji wa majengo, Kiyoshi Izumi, aliinywa LSD ili ajue hospitali inaonekanaje kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, kisha akachora michoro ya hospitali mpya akizingatia aliyoyaona. Korido ndefu isiyokwisha ni mateso kwa mtu ambaye umbali umemponyoka. Nimefanya kazi katika korido za namna hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuliwazia jambo hilo hata siku moja.

Mwaka 1956 Osmond na wenzake walialikwa usiku mzima katika ibada ya Kanisa la Wenyeji wa Amerika, karibu na North Battleford, waumini wakila peyote hemani kuuzunguka moto. Serikali ilikuwa inawasumbua waumini hao, nao walitaka watu wa sayansi waje washuhudie. Osmond alikula pamoja nao, wengine wakatazama. Naona ajabu kidogo kwamba tukio hili hutajwa kwa haraka haraka. Mbele yao walikuwapo watu wenye utaratibu uliokamilika. Yuko anayeongoza, yuko anayetunza moto, yuko wa kupiga ngoma, na hakuna anayeongoza ambaye hajapitia. Wazungu walikuwa wanahangaika kuandika mwongozo wa jambo ambalo jirani zao walikuwa nalo tayari.

Mwongozo uliandikwa kweli. Mwaka 1959 Duncan Blewett na Nick Chwelos walitoa kitabu cha maelekezo ya kutibu kwa LSD, kikieleza chumba kiweje, muziki, picha, maua, watu wa kuwamo na wa kutokuwamo, na kikishikilia kwamba mtibabu lazima awe ameipitia dawa mwenyewe. Mengi ya hayo yalitoka kwa Al Hubbard, mfanyabiashara wa Vancouver asiyekuwa daktari wa chochote.

Lakini mtu wangu katika historia hii yote si Osmond wala Hubbard. Ni nesi. Kay Parley alilazwa Weyburn akiwa mgonjwa, miaka ya arobaini. Babu yake alikuwa amelazwa humo, baba yake pia aliwahi kulazwa, na babu huyo alikutana naye mara ya kwanza humohumo hospitalini. Alipopona alirudi kusomea unesi wa magonjwa ya akili, kisha akawa mmoja wa waliokuwa wanaketi na wagonjwa siku yao ya LSD, siku nzima, toka asubuhi. Mwaka 1964 aliandika makala katika jarida la manesi wa Marekani kuhusu namna ya kumtegemeza mgonjwa katika siku hiyo. Makala ya nesi, kwa manesi. Wakati madaktari wanabishana kama mtibabu aonje au asionje, hapa yuko mwanamke ambaye kitu alichokipitia ni kitanda chenyewe. Alijua kufungiwa kukoje. Hilo halimo katika mtaala wowote nilioona, na sijui lingeandikwaje.

Saskatchewan walikuwa wanatibu walevi kwa dozi moja kubwa ya LSD, na walitangaza kwamba karibu nusu waliacha pombe. Watafiti wa Toronto hawakuamini. Walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba haijulikani kinachoponya ni dawa au ni maua, muziki na huruma ya manesi. Wakaamua kuvitenganisha. Wagonjwa wao walipewa LSD wakiwa wamefungwa kitandani kwa mkanda, bila ya mazungumzo yale ya Saskatchewan. Matokeo hayakuonyesha faida yoyote.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kupika chai. Mkanda wao, bendeji zangu.

Osmond na Hoffer walilalamika kwamba Toronto hawakupima tiba, walipima kitu kingine. Toronto wakajibu kwamba dawa ni dawa. Ugomvi huo haujaisha hadi leo na utarudi mbele. Dawa nyingi unaweza kuzitoa kwa mgonjwa ukaondoka. Hii, aliyeketi kando ni sehemu ya dozi, na sayansi ya majaribio haijapata mizani ya kumpima.

Ipo habari nyingine ya miaka hiyohiyo ambayo haikunipa usingizi. Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1962, katika kanisa la Marsh mjini Boston, Walter Pahnke, daktari aliyekuwa anasomea shahada ya uzamivu Harvard, alikusanya wanafunzi 20 wa uchungaji. Nusu walipewa psilosaibini, nusu vidonge vya kuwapumbaza tu. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wawili, na mmoja wao naye alipewa psilosaibini, eti ili awe karibu na wenzake. Maana yake ni kwamba katika kila kikundi nusu ya wasindikizaji nao walikuwa safarini. Jaribio hilo lilisifiwa kwa miaka mingi. Kisha Rick Doblin akawatafuta washiriki mmoja mmoja, na mwaka 1991 akachapisha alichokipata. Wengi walikuwa bado wanaithamini siku ile. Lakini mwanafunzi mmoja alikuwa ametoka nje mbio akaingia barabarani, akarudishwa, akadungwa klopromazini. Pahnke hakuliandika hilo katika ripoti yake.

Klopromazini naijua. Sisi tunaiita Largactil. Kila nesi wa Kenya wa umri wangu amewahi kuivuta kwenye sindano huku watu watatu wamemlalia mgonjwa. Na naijua pia ile hali ya kutoandika. Katika faili la Kijana, siku ile ya bendeji, niliandika: "Mgonjwa ameamka vizuri."

Kutoka hapo mlango ulianza kufungwa. Dawa zilitoka maabara zikaingia mitaani, Sandoz wakaacha kuisambaza LSD mwaka 1966, na mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini Vienna uliziweka dawa hizi katika orodha ya zile zisizo na kazi hospitalini. Mahali pamoja paliendelea: Spring Grove, Maryland, ambako mwaka 1969 kilifunguliwa kituo cha utafiti kilichowaleta Pahnke, Stanislav Grof na William Richards. Walikuwa na programu halali ya mafunzo. Zaidi ya wataalamu 100, wakiwamo madaktari, wanasaikolojia na wahubiri, walipewa LSD ili wajue wanachowapa wengine. Helen Bonny alichagua muziki, maana walijifunza kwamba wimbo usiofaa unaweza kumzamisha mtu. Pahnke alikufa akipiga mbizi mwaka 1971. Richards alitoa dozi ya mwisho ya psilosaibini kituoni hapo mwaka 1977, kisha taa zikazimwa.

Walioachwa gizani waliendelea kufundishana gizani. Anayejulikana zaidi ni Leo Zeff, mwanasaikolojia wa Oakland, California, ambaye jina lake lilifichwa hata katika kitabu kilichoandikwa juu yake, hadi alipokwisha kufa. Inasemekana aliwaongoza maelfu na kuwafundisha watibabu zaidi ya 150, hasa kwa MDMA kabla na baada ya kupigwa marufuku Marekani mwaka 1985. Kufundishwa kwa siri kuna uzuri wake. Mwanafunzi anaketi na mwalimu miaka, anaona kwa macho. Ila siri haina ofisi ya malalamiko. Mgonjwa akiguswa vibaya ataenda kumshtaki nani, na yeye mwenyewe amevunja sheria?

Watu wa Pwani wakisoma haya watacheka kidogo. Katika ngoma za pepo, fundi anayewaongoza wagonjwa mara nyingi ni mtu aliyewahi kuugua yeye mwenyewe, akachezewa ngoma, akatulia, akakaa chini ya fundi wake miaka kabla ya kusimama mbele ya kilinge. Hakuna LSD hapo, na sisemi ni kitu kimoja. Kule Gabon ndiko kuna dawa kweli, katika dini ya Bwiti, ambamo mtu hula mizizi ya iboga mpaka aondoke duniani kwa muda. Anayeila huwa na mama na baba wa iboga, watu walioila kabla yake, ambao kazi yao ni kumwangalia mpaka arudi. Mwaka 1962 kijana mmoja mtumiaji wa heroini kule New York, Howard Lotsof, alijaribu ibogaini, akakuta hamu ya heroini imemtoka, na tangu hapo dunia ya kliniki inaitaka iboga. Dawa imesafiri, mama na baba hawakusafiri. Nina wasiwasi kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa kila kitu tutakachowauzia.

Mlango ulipofunguliwa tena, waliobaki hai kutoka enzi ile walikuwa wachache. Chuo kikuu cha Johns Hopkins kilipoanza utafiti wa psilosaibini chini ya Roland Griffiths, aliyeitwa kuketi na washiriki na kuwafundisha wengine kuketi alikuwa William Richards yuleyule wa mwaka 1977. Matokeo ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2006. Wasindikizaji wapya walifundishwa na mtu aliyepitia, wao wenyewe wakiwa hawaruhusiwi kupitia.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Shirika la MAPS, lililoanzishwa na huyohuyo Doblin mwaka 1986, liliandaa mafunzo ya tiba ya MDMA kwa wenye kiwewe, na hata likapata kibali cha utafiti ulioruhusu baadhi ya watibabu kuimeza wenyewe. Mwaka 2016 chuo cha CIIS, San Francisco, kikaanza kutoa cheti. Oregon walipiga kura mwaka 2020 kuruhusu vituo vya psilosaibini, na mtu anayetaka kuongoza huko anahitaji saa 120 za masomo na saa 40 za vitendo. Shahada si lazima. Saa 160 kwa jumla. Mimi nilihitaji miaka mitatu na nusu ili niruhusiwe kumfunga mtu bendeji. Australia nao, kuanzia Julai 2023, wakawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuandika MDMA kwa kiwewe na psilosaibini kwa sonona sugu.

Sasa nisimulie lililomtia rafiki yangu hofu. Katika moja ya majaribio ya MAPS, British Columbia, mwaka 2015, mwanamke aliyekuja kutibiwa kiwewe cha ubakaji aliwekwa na watibabu wawili, mume na mke. Wakati dawa imemkolea walimlalia, wakamkumbatia, wakambana chini, na kamera zilikuwa zinarekodi. Mwanamume hakuwa na leseni. Mwaka 2019 shirika lenyewe lilikiri hadharani kwamba baadaye alikuwa na uhusiano wa kingono na mshiriki huyo. Huyu hakuwa mwanafunzi wa juzi. Kazi hii alikuwa ameifanya kwa miongo, na alikuwa amepitia kila kitu ambacho mwongozo wa mwaka 1959 ungemtaka apitie.

Basi jibu la "lazima awe amefika kule" halitoshi, na mama wa mopu sitamtumia kulithibitisha. Dawa hizi humfanya mgonjwa awe laini kama mtoto, na anayeketi kando yake ana mamlaka ambayo sisi wa wodini tunayajua vizuri sana. Ndiyo maana watu wa mafunzo wamekazia siku hizi mambo makavu: watibabu wawili, mapatano juu ya kuguswa yafanywe kabla dawa haijanywewa, na mgonjwa asikubaliwe kuyabadilisha akiwa ndani yake, video zitazamwe na mtu wa nje. Rafiki yangu analalamika kwamba masomo hayo yanachosha. Nikamwambia hayo ndiyo asinzie mwisho.

Mwezi Juni 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura kuipinga tiba ya MDMA, 10 kwa 1 juu ya kama faida inazidi hatari, na mwezi Agosti mamlaka ikakataa rasmi. Sababu zilikuwa kadhaa. Mojawapo ilikuwa ileile ya Toronto. Mamlaka inapima dawa, si mazungumzo, na hapa haikuwezekana kujua dawa inaishia wapi na watu wanaanzia wapi. Miaka sitini, swali halijasogea.

Na ketamini yetu je? Ilitengenezwa mwaka 1962, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1970, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 1985. Mwaka 2000 watafiti wa Yale walionyesha kwamba dozi ndogo inaweza kupunguza sonona kwa saa chache, na leo ng'ambo kuna kliniki nyingi za ketamini zenye viti vya kujilaza na vipokea sauti vya masikioni. Kabla ya hapo, Leningrad, Evgeny Krupitsky alikuwa anawapa walevi na kuketi nao. Ajabu ni kwamba vitabu vya nusukaputi navyo vilisema tangu zamani: mwambie mgonjwa mapema kwamba ataota, mpe mahali patulivu pa kuamkia, usimshtue. Mstari mmoja au miwili. Tuliusoma, tukafanyia mtihani, tukausahau, maana hapakuwa na mahali patulivu wala nesi wa tatu.

Rafiki yangu aliniomba aje aketi wodini tunapobadilisha bendeji, na baada ya ruhusa kupatikana alikuja. Nilimpa kiti cha plastiki. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka sita, na mama yake alikuwapo, kwa hiyo nilimketisha mama karibu na kichwa na mwanasaikolojia wangu karibu na mlango. Alikaa dakika arobaini bila kufanya lolote. Akatoka amelowa jasho. Kwenye fomu ya nusukaputi kuna nafasi ya dozi, presha, mapigo, oksijeni. Siku hizi mimi huandika pembeni, kwa kalamu, jina la aliyeketi. Mkubwa wangu aliniuliza mara moja hiyo ni ya nini, nikamwambia ni ya kumbukumbu, akaacha.

Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza kama nimewahi kumwona tena Kijana. Nimemwona, mara moja, stendi ya matatu, anauza chaja na vioo vya simu. Shati la mikono mirefu kwenye jua lile. Nilisimama, nikanunua chaja nisiyoihitaji, nikamwambia nilikuwa nesi katika wodi ile. Uso wake ukachangamka. Akaniuliza habari za yule mama wa usafi, kama bado yuko, kama ni mzima. Nikamwambia alistaafu akarudi kwao. Akanipa salamu nimpelekee. Mimi hakunikumbuka, na sikumkumbusha.